Tarakimu Sita Zimeingia Simu ya Nani?

 

Mhadhara huu una lengo moja. Unakusudia kueleza jinsi uthibitishaji wa hatua mbili, pamoja na zile namba za mara moja ambazo mabenki huziita OTP, unavyolinda akaunti za mtandaoni. Kisha unatetea jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kwamba hapa kwetu ulinzi huo huvuja zaidi pale namba hizo zinapoingia kwenye simu ya mtu asiye mwenye akaunti, au zinapotamkwa kwenye sikio lisilo lake. Teknolojia yenyewe ni imara kuliko wengi wanavyoidhania. Kinacholegea ni umiliki.

Kwa nini jambo hili lizungumzwe hapa Nyalikungu, wilayani Maswa, na si Dar es Salaam kwenye makao makuu ya mabenki? Kwa sababu mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa kulima pamba. Soko hufunguliwa mwezi Mei, na katika wiki chache pesa ya jasho la mwaka mzima hupita kwenye benki na kwenye simu za watu wa Maswa, Bariadi, Itilima, Meatu na Busega. Anayeishi kwa kuwinda pesa za wenzake hashindwi kuijua kalenda hiyo.

Hoja ya kwanza: hatua mbili si jambo geni Maswa

Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007. Vodacom ikaizindua Tanzania Aprili 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Tangu wakati huo, mama anayekwenda kutoa pesa kwa wakala wa stendi amekuwa akitumia uthibitishaji wa hatua mbili bila kuuita kwa jina hilo. Anapopiga *150*00# au *150*60#, menyu inafunguka kwa sababu mtandao umeitambua laini iliyomo ndani ya simu yake. Muamala unakamilika kwa sababu yeye, na si mwingine, anaijua namba ya siri. Aliyeokota simu bila namba ya siri hapati kitu. Aliyechungulia namba ya siri akaikosa laini, naye hapati kitu.

Msingi wa fani nzima ni huo: kitu unachokijua, kikiungana na kitu ulichonacho. Wataalamu huongeza cha tatu, yaani mwili wako mwenyewe, na hicho nacho tumeshakizoea tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019.

Ajabu ni kwamba mtu yuleyule anayefunika simu kwa kiganja anapoingiza namba ya siri ya pesa, barua pepe yake inalindwa na nywila moja tu, na mara nyingi nywila yenyewe ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Hapo ndipo pa kutua kidogo. Barua pepe hiyo ndiyo mlango mkuu wa nyumba nzima. Kijana aliyeomba mkopo wa elimu ya juu, mhitimu aliyejisajili kwenye mfumo wa maombi ya ajira serikalini, mwalimu anayeomba uhamisho kupitia mfumo wa ESS wa watumishi wa umma, mfanyabiashara mwenye namba ya mlipakodi: kila mmoja wao alijaza anwani ya barua pepe mahali fulani. Mwizi akishaingia kwenye barua pepe, hana haja ya kujua nywila za akaunti nyingine. Anabonyeza mahali palipoandikwa "umesahau nenosiri", kiungo kinaletwa mle mle alimo, anaweka nywila mpya, kazi imekwisha.

Kwa hiyo anayetaka kuanza leo, aanzie kwenye barua pepe. Facebook na Instagram zifuate.

Hoja ya pili: namba ya mara moja inafanya kazi kama LUKU

Wapo wanaodhani kwamba zile tarakimu sita hutungwa na mtu aliyekaa ofisini. Hapana. Kila nyumba yenye mita ya LUKU tayari imeziona namba za aina hiyo. Unanunua umeme, unaletewa tarakimu 20, unaziingiza, mita inakubali. Ziingize tena kesho, mita inakataa. Mpe jirani, mita yake inakataa. Ndani ya mita kuna ufunguo wa siri ambao mfumo wa kuuzia umeme nao unao, na kila tokeni hutengenezwa kwa ufunguo huo pamoja na saa ya ununuzi, inayohesabiwa kwa dakika kuanzia mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika zaidi kidogo ya milioni 16, na ilikuwa iishe tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo TANESCO iliwataka wateja waboreshe mita zao, na mteja akanunua umeme akaletewa seti tatu za tarakimu 20: mbili za kubadilisha ufunguo, ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Waliokaa hapa wanakumbuka usumbufu ule. Usumbufu ule ulikuwa wa usalama.

Programu za uthibitishaji katika simu, kama Google Authenticator, zinafuata kanuni ya jamii hiyo. Siku ya kwanza mwenye akaunti anapiga picha mchoro wa mraba unaoonekana kwenye kompyuta. Ndani ya mchoro ule kuna siri, na kuanzia dakika ile siri hiyo inakaa sehemu mbili tu: kwenye simu yake na kwenye mitambo ya kampuni. Kila baada ya sekunde 30 pande zote mbili zinachukua siri ile na saa iliyopo, zinafanya hesabu ileile, na zinapata tarakimu sita zilezile. Hakuna kinachotumwa hewani. Utaratibu huu ulichapishwa kama kanuni ya wazi Mei 2011, na kampuni kubwa karibu zote zinaukubali.

Faida yake kwa wilaya kama hii ni kubwa. Ujumbe mfupi wa simu huchelewa, na kijijini huweza kufika saa nzima baada ya namba kwisha muda wake. Mwalimu aliyekwenda kutumia kompyuta ya ofisi, laini yake haina mtandao hata kidogo, bado namba anayo kwenye programu. Anachohitaji ni saa ya simu iwe sahihi. Simu ambayo saa yake imerekebishwa kwa mkono na kupitwa dakika tano itatoa namba zisizokubalika. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio na kuacha simu ipate saa kutoka kwenye mtandao yenyewe.

Wazo la nywila inayotumika mara moja si la jana. Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alilieleza katika makala ya mwaka 1981. Swali lake lilikuwa rahisi: mtu afanyeje ajitambulishe kwa kompyuta ya mbali ilhali kuna mwingine anayesikiliza kila kinachopita kwenye waya? Jibu lake ni kwamba nywila iliyokwisha kutumika isiwe na thamani tena. Msikilizaji abaki na ganda.

Hoja ya tatu: tapeli havunji kufuli, anaomba ufunguo

Tarakimu sita zinaweza kupangwa kwa namna milioni moja, na mifumo mizuri humpa mtu nafasi chache za kukosea. Kubahatisha hakuna tija. Ndiyo maana matapeli waliacha zamani kushindana na hesabu, wakahamia kwa mwenye simu.

Tuchukue WhatsApp, kwa kuwa ndiyo iliyojaa vikundi vya misiba, harusi na vicoba. Tapeli anaweka programu hiyo kwenye simu yake, anajaza namba yako. Kampuni, kwa nia njema kabisa, inatuma tarakimu sita kwako. Sekunde chache baadaye unapata ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu, pengine shemeji, pengine katibu wa kikundi: "Samahani, kuna namba sita nimezituma kwako kwa bahati mbaya, nirudishie haraka." Unayedhani ni shemeji si shemeji. Akaunti yake ilichukuliwa asubuhi kwa njia hiyohiyo. Ukizituma, na yako imekwenda, na kabla ya jioni watu wako wa karibu wanasoma, kutoka kwenye namba yako na chini ya picha yako, kwamba umekwama njiani na unaomba laki moja na ya kutolea, utarudisha kesho.

Wasikilizaji wangalie kwa makini kinachompa tapeli nguvu. Ujumbe wa tarakimu sita ni wa kweli. Umetoka kwenye kampuni halisi. Ukweli huo mmoja ndio unaoupa uongo wote unaouzunguka sura ya ukweli. Hali ni hiyo hiyo kwa anayepiga simu akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja: anakuambia laini yako inafungwa, anakuambia utapokea namba sasa hivi, na kweli inaingia wakati bado anazungumza. Msikilizaji anasadiki, kwa sababu mtu yule amesema kitu kimetokea. Hajui kwamba ni yeye yule aliyekisababisha, kwa kubonyeza mahali fulani huko aliko.

Kanuni inayotoka hapo ni fupi kiasi cha kufundishika kwa mtoto wa darasa la nne. Namba inayoingia bila wewe kuiomba ni dalili kwamba kuna mtu yuko mlangoni. Haitajwi kwa yeyote, awe anajiita afisa wa benki, awe mtumishi wa kampuni ya simu, awe ndugu. Huduma kwa wateja wa mitandao ya simu nchini hupatikana kwa namba 100, na mwenye wasiwasi akate simu apige yeye.

Kwa WhatsApp ipo kinga ya ziada tangu Februari 2017. Ingia mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri ya tarakimu sita na anwani ya barua pepe. Hapo hata aliyekuchomolea ile namba ya ujumbe hataingia, maana ataulizwa na hii ya pili.

Na aliyekwisha kuchukuliwa? Asikae kulia. Aifungue upya programu kwa namba yake mwenyewe, aingize tarakimu sita zitakazoletwa kwake. Dakika ile ile mwizi anatolewa nje. Kama mwizi alikuwa ameweka namba yake ya siri, mwenye akaunti atasubiri siku saba ndipo arudi kamili, lakini katika siku hizo saba mwizi naye hayumo. Huku nyuma awapigie simu watu wake, kwa sauti, awaambie wasitume pesa. Watu wengi wa eneo hili wameacha akaunti zao mikononi mwa wezi kwa miezi kwa kutojua kwamba mlango wa kurudi upo.

Zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinajulikana na kila aliyepo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa zake bila malipo, na ripoti zake za kila robo mwaka zimekuwa zikionyesha mikoa ya Rukwa na Morogoro ikiongoza kwa majaribio ya ulaghai yanayotokea huko. Anayempigia mkulima wa Maswa anaweza kuwa ameketi Ifakara. Kuripoti kunachukua dakika moja, na namba iliyofungwa leo haimpigii mtu mwingine kesho.

Hoja ya nne: laini ni ya nani?

Hapa ndipo kitovu cha mhadhara huu kilipo, na mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda.

Hatua ya pili ya ulinzi inadhani jambo moja bila kuliuliza: kwamba simu iliyosajiliwa iko mkononi mwa mwenye akaunti. Wahandisi waliobuni mfumo huu walifikiria mtu mmoja, simu moja, laini moja, miaka mingi. Maisha ya hapa hayako hivyo.

Mzee anataka barua pepe kwa ajili ya mafao yake. Mjukuu anamfungulia siku ya likizo, na panapotakiwa namba ya simu anaweka yake mwenyewe kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi. Likizo inakwisha, mjukuu anarudi Mwanza, anapoteza laini. Mwaka mmoja baadaye mzee anatakiwa kuthibitisha akaunti, na tarakimu sita zinaingia kwenye namba isiyo na mwenyewe. Au zinaingia kwa mtu mgeni kabisa, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hurudishwa sokoni ikauzwa upya. Mtu wa Tabora aliyenunua laini kihalali anaanza kupokea namba za akaunti ya mzee wa Maswa.

Jambo la pili lilitokana na usajili wenyewe. Mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Katika haraka ile, waliokuwa hawajapata namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA walisajiliwa kwa kidole cha mume, kaka au jirani. Wengi hawajabadilisha hadi leo. Laini kama hiyo ikipotea, kidole kinachoweza kuirudisha si cha anayeitumia. Kaka akiwa mbali, au wakiwa wamegombana, au akiwa ametangulia mbele ya haki, namba imepotea, na kila akaunti iliyofungwa nayo imepotea.

Na lipo la tatu, ambalo ni uhalifu. Wakala wa laini asiye mwaminifu, aliyesimama barabarani na mwavuli wake, anamwambia mteja: "Kidole hakijasoma, weka tena." Kilikuwa kimesoma. Mara ya pili ni usajili wa laini nyingine, kwa jina la mteja, itakayouzwa kwa tapeli. Polisi watakapofuatilia utapeli, jina watakalolikuta ni la mkulima aliyekuja gulioni kununua laini ya mtoto wake. Kila mwenye simu anaweza kukagua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#. Ipige leo, kabla ya jua kuzama. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ukaikane.

Akaunti za vikundi na ofisi zina ugonjwa wa jamii hiyo. Barua pepe ya chama cha msingi ilifunguliwa na katibu wa zamani kwa namba yake. Ukurasa wa shule ulifunguliwa na mwalimu aliyehamia Kagera. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama anapokea namba za uthibitisho kwenye simu ya mume wake, naye si mwanakikundi. Hakuna anayemshuku mtu hapa. Lakini chama kinapobadilisha uongozi hukabidhiana mihuri, vitabu vya hesabu na funguo za ghala kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Namba ya simu inayopokea tarakimu sita inafungua zaidi ya ghala, nayo haimo kwenye hati ya makabidhiano. Iingizwe. Huu ni mstari mmoja tu wa kuongeza kwenye fomu.

Kwa mawakala neno moja la heshima. Mnabeba imani ya watu wasiojua kusoma menyu, na wengi wenu mnaibeba kwa uaminifu. Mteja anapokukabidhi simu na kukutajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya foleni, ukimrudishia simu na kumwelekeza abonyeze mwenyewe, hata kama itachukua dakika tatu zaidi, umemlinda kuliko bango lolote la ukutani.

Hoja ya tano: hatua za pili hazilingani nguvu

Google ilitangaza mwaka 2019 matokeo ya utafiti juu ya watumiaji wake. Namba iliyotumwa kwa ujumbe mfupi ilizuia mashambulizi yote ya mitambo inayobahatisha, asilimia 96 ya ulaghai unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja, na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu mmoja mahsusi. Swali la kuthibitisha lililotokea kwenye simu yenyewe, "Je, ni wewe?", lilifikia asilimia 99 na 90 kwa makundi hayo mawili ya mwisho. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikawawekea watu zaidi ya milioni 150 hatua ya pili bila kusubiri waombe, na kwa kundi hilo akaunti zilizoingiliwa zikapungua kwa nusu.

Maana yake kwa mwenye simu ya batani ni hii: ujumbe mfupi ni bora mno kuliko kutokuwa na kitu. Asiyeweza programu aweke ujumbe, na aweke leo.

Ila ujumbe mfupi una udhaifu wake, nao ni laini. Agosti 30, 2019, akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, wakati huo mkurugenzi mkuu wa Twitter yenyewe (sasa X), ilichukuliwa baada ya wahalifu kuhamishia namba yake ya simu kwenye laini yao. Kama bosi wa kampuni hiyo alipatwa, hakuna aliye mkubwa mno wala mdogo mno. Hapo Kenya uhamishaji wa laini kwa hila umewaliza wengi, hadi Safaricom ikaweka utaratibu wa mteja kufunga laini yake kwa *100*100# ili isibadilishwe bila yeye kufika dukani. Simu ikikosa mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wanao, usingoje kesho. Azima simu upige 100.

Mwenye simu janja basi ahamie kwenye programu. Na hapa kuna jambo linalosahaulika: simu ikiibiwa, programu imekwenda nayo. Google hutoa namba kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja. Ziandikwe kwa kalamu kwenye karatasi na zihifadhiwe pamoja na vyeti vya shule na hati ya kiwanja. Zisipigwe picha na kubaki kwenye simu ileile.

Juu ya hizo zote zipo funguo za usalama, vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Google iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikasema hakuna akaunti ya kazi hata moja iliyokuwa imeingiliwa kwa ulaghai wa nywila. Sababu ni kwamba ufunguo huo hukagua anwani ya tovuti wenyewe. Mtu anaweza kudanganywa na ukurasa uliofanana na wa benki. Ufunguo haudanganyiki, kwa sababu hausomi rangi wala nembo.

Hoja ya sita: wenye mifumo nao wana deni

Haitakuwa haki kumaliza kwa kumtwika mwananchi mzigo wote. Oktoba 2020 nchini Uganda, wizi mkubwa wa pesa za simu ulipitia kampuni ya kati iliyounganisha mitandao na benki, iitwayo Pegasus Technologies, na miamala kati ya benki na mitandao ikasimamishwa kwa muda. Hakuna mteja wa Kampala au Gulu aliyetaja namba yake ya siri siku ile. Mei 2025, hapa kwetu, akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa, zikachapishwa picha chafu na taarifa za uongo, na Jeshi likalazimika kuzikana hadharani.

Taasisi zina mambo ya kurekebisha ambayo hayahitaji fedha nyingi. Jumbe za uthibitisho ziandikwe kwa Kiswahili kwanza, na onyo la kutomtajia mtu litangulie namba, kwa kuwa msomaji akishaiona namba haendelei kusoma. Ujumbe useme namba ni ya kufanyia nini: "ya kutoa shilingi 400,000" ni maneno yanayomzindua mtu, ilhali "namba yako ya uthibitisho" hayamwambii lolote. Na maafisa wa benki waache kabisa tabia ya kumpigia mteja na kumwomba ajitambulishe kwa taarifa zake za siri, maana kila simu ya namna hiyo inamzoesha mteja kumtii tapeli.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini, udanganyifu kwa kompyuta na kujifanya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa zako azilinde. Anayeombwa nakala ya kitambulisho ana haki ya kuuliza itatunzwa wapi, na kwa muda gani.

Yaliyo mbele

Julai 2024 serikali ilizindua mkakati wa uchumi wa kidijitali wa miaka kumi, hadi 2034. Huduma zitakazohamia kwenye simu ni nyingi kuliko zilizokwisha kuhamia. Nazo kampuni za Apple, Google na Microsoft zilitangaza mwaka 2022 kwamba zinashirikiana kuleta njia ya kuingia bila nywila, ambapo kidole au uso hufungua ufunguo uliofichwa ndani ya simu, na tangu Oktoba 2023 Google imeifanya ndiyo njia ya kwanza inayopendekezwa. Mtoto aliyeko kidato cha kwanza leo huenda asiwe na nywila hata moja akiwa mtu mzima. Atakuwa na simu, na swali la simu hiyo ni ya nani litakuwa zito zaidi, maana ndani yake mtakuwa na kila kitu.

Kwa hiyo mapendekezo ya kazi ni haya, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kabla soko la pamba halijafunguliwa Mei ijayo, kila chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kitenge siku moja ya wanachama kupiga *106# pamoja, na waliosajiliwa kwa vidole vya wengine wapelekwe kusajiliwa upya. Kampuni za simu ziombwe zilete maafisa wao huko huko vijijini. Walimu wa TEHAMA wawape wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne zoezi la kuweka hatua ya pili kwenye akaunti za wazazi wao, kwa sharti kwamba namba inayojazwa ni ya mzazi, na namba za akiba zinaandikwa na mzazi kwa mkono wake. Ofisi ya kata iongeze ule mstari kwenye fomu ya makabidhiano ya vikundi. Wiki ya kwanza ya Juni tukutane tena katika ukumbi huu, makatibu walete idadi ya laini zilizorekebishwa.

Sasa maswali. Waanze akina mama waliokaa nyuma, kisha mawakala. Aliyekuja na simu yake na angependa kusaidiwa hapa hapa, vijana wa kidato cha nne wako pale mlangoni na meza mbili. Mtabonyeza wenyewe, wao wataelekeza.